Rojo la Maharage la Kopo, Humusi, Ful au Mbaazi za Nyumbani: Kipi Kinamfaa Asiyekula Ngano na Wenye Miiko Mingine ya Chakula

Katika maduka ya Tanga yanayouza vyakula vya kutoka nje, rafu ya makopo sasa hubeba zaidi ya maharage ya nyanya tuliyoyazoea. Lipo rojo la maharage lililosagwa tayari kwa kuchovya, ipo humusi ya dengu na ufuta, na yapo makopo ya ful yenye lebo za Kiarabu. Anayenunua kwa ajili ya nyumba yenye mtu aliyekatazwa ngano, au mwenye kisukari, au ambaye figo zake zinamsumbua, hujiuliza kama jina la maharage peke yake linatosha kumtoa wasiwasi. Kwa maoni yangu halitoshi, ingawa maharage yenyewe mara chache sana ndiyo yenye kosa. Shaka hukaa katika vitu vilivyoongezwa ndani ya rojo, katika mashine na vyombo lilivyopitia, na katika kile ambacho mlaji anakichovya humo. Ndiyo maana hapa nalinganisha njia nne ambazo chakula cha jamii ya kunde hufika mezani kikiwa rojo, nikitazama kila moja kwa macho ya mtu mwenye mwiko fulani.

Ya kwanza ni rojo la kiwandani la mtindo wa Meksiko na Marekani, ambalo hutengenezwa kwa maharage yaliyochemshwa na kusagwa, yakaungwa kwa chumvi, mafuta, siki, kitunguu na pilipili, kisha yakafungwa katika kopo au bakuli la plastiki. Ya pili ni humusi, ambayo msingi wake ni dengu, ufuta uliosagwa uitwao tahini, maji ya limau na kitunguu saumu. Ya tatu ni ful, yaani maharage mapana yanayopendwa sana Misri na Sudani, ambayo huja katika kopo yakiwa mazima au yamekwisha kupondwa. Ya nne ni sufuria ya nyumbani ya mbaazi au maharage, yaliyochemshwa mpaka yakaiva sana, yakaungwa kwa tui la nazi au bila tui, na kupondwa kwa mwiko. Nimeiweka hii ya nne kwa makusudi. Mkazi wa Tanga anayelipia kopo lililovuka bahari anapaswa kujua kwanza anaacha nini nyuma yake, na milima ya Usambara, hasa upande wa Lushoto, inalima maharage kwa wingi ndani ya mkoa huu huu.

Asiyekula gluteni

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Maharage, mbaazi, kunde, dengu, choroko na adesi hazina gluteni kabisa. Kwa mgonjwa wa siliaki, kinga ya mwili hushambulia ukuta wa utumbo mdogo kila gluteni inapopita, na sehemu zinazofyonza chakula huharibika kidogo kidogo. Mgonjwa anaweza kuharisha, kupungua uzito, kukosa damu au kupata udhaifu wa mifupa, na mtoto anaweza kudumaa. Mpaka sasa tiba inayotegemewa ni kuacha gluteni maisha yote. Uhusiano wa ugonjwa huu na ngano ulithibitishwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika nchini humo, watoto waliokuwa wakiugua walipata nafuu, na mkate uliporudi hali zao zikarudi kuwa mbaya. Tasnifu yake juu ya jambo hilo ilitoka mwaka 1950.

Nayasema haya kwa sababu wapo wanaodhani kuacha ngano ni mtindo wa watu wenye fedha. Kwa mwenye siliaki hakuna hiari, na kiasi kinachomdhuru ni kidogo mno. Viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vinaruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni ikiwa gluteni iliyomo haizidi miligramu 20 katika kilo moja, na kiwango hicho hicho kinatumika Marekani na katika Umoja wa Ulaya. Mtu akila gramu 100 za rojo lililofika ukomo huo, atakuwa amemeza miligramu 2 za gluteni. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina takriban gramu 2, yaani mara elfu moja ya kiasi hicho. Sasa chukua kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano, chenye uzito wa gramu 8 hivi na gluteni inayozidi nusu gramu, ukitie katika sufuria ya kilo mbili ya maharage ili mchuzi uwe mzito. Kijiko hicho kimoja kinaacha zaidi ya miligramu 250 za gluteni katika kila kilo, ambazo ni zaidi ya mara 12 ya ukomo. Mpishi hajafanya ubaya wowote kwa wageni wengine, na hakuna atakayeutambua unga huo kwa ulimi, lakini kwa mgonjwa wa siliaki sufuria nzima imeharibika.

Tukirudi kwenye kopo, hali ni tatu. Lipo lenye tamko la wazi kwamba halina gluteni, na hilo ndilo lenye ahadi ya kipimo. Lipo lisilo na tamko, ila orodha ya viambato vyake haitaji ngano, shayiri wala rai. Na lipo linalokiri kwamba huenda limegusana na ngano kiwandani. Hili la mwisho mwenye siliaki aliache dukani bila kujadiliana na nafsi yake. Ugumu uko kwenye lile la katikati, na hapo inafaa kujua kopo limetoka wapi. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni za lebo zinataka kila nafaka yenye gluteni itajwe na ionekane wazi kuliko maneno mengine katika orodha. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2004 kuhusu vyakula vinavyoleta mzio inalazimisha ngano itajwe kwa jina, lakini haikugusa shayiri wala rai. Kwa hiyo rojo la kutoka Marekani linaweza kuwa na kimea cha shayiri ndani ya siki au ndani ya kiungo cha kuongeza ladha, na bado sehemu ya chini ya lebo, ile inayoorodhesha vyakula vya mzio, isitaje chochote. Kopo la Marekani lisilo na tamko la gluteni mimi nalisoma kwa makini zaidi kuliko la Ulaya.

Lebo nyingi za makopo haya huandikwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya kutafuta ni wheat, barley, rye na malt. Unga wa ngano hutumika kulifanya rojo liwe zito, siki ya kimea hutokana na shayiri, mchuzi wa soya wa kawaida hutengenezwa kwa soya pamoja na ngano, na dondoo ya hamira wakati mwingine hutoka katika mabaki ya utengenezaji wa bia. Maltodekstrini, kwa upande mwingine, hutisha watu kwa sababu jina lake linafanana na kimea, wakati ni wanga uliochakatwa sana ambao kwa kawaida hauna tatizo kwa wenye siliaki. Wanga uliobadilishwa katika bidhaa za Marekani mara nyingi hutokana na mahindi, na ukitokana na ngano sheria inataka isemwe.

Humusi, kwa upande wa gluteni, ina faida moja juu ya rojo la maharage, nayo ni ufupi wa orodha yake. Humusi iliyotengenezwa vizuri ina dengu, tahini, limau, kitunguu saumu, mafuta na chumvi, na mwenye kusoma anamaliza kwa pumzi moja. Zile zenye ladha za ziada, kama za pilipili iliyochomwa au za viungo mchanganyiko, zinahitaji kusomwa upya kila moja, hata kama mtengenezaji ni yule yule. Ful ya kopo nayo kwa kawaida ni maharage, maji na chumvi, na pengine bizari nyembamba, hivyo kwa mwenye siliaki ni rahisi kuikubali.

Vipi sufuria ya nyumbani? Wengi watasema hiyo haina shaka hata kidogo, na hapa nalazimika kuwapunguza kasi. Sokoni Ngamiani maharage huuzwa kwa kupimwa kutoka kwenye magunia yaliyopangwa pamoja, na pembeni yake huenda pakawa na ngano nzima ya kupikia bokoboko. Kopo la kupimia likitoka gunia moja kwenda jingine, punje za ngano husafiri nalo. Maharage na mbaazi ni punje kubwa, kwa hiyo kuyachambua kwenye ungo na kuyaosha kwa maji mengi kunaondoa karibu tatizo lote. Unga ni habari nyingine. Unga wa dengu uliosagwa katika mashine inayosaga pia ngano hauwezi kuchambuliwa wala kuoshwa, na mwenye siliaki hapaswi kuutumia kulifanya rojo lake liwe zito, hata kama dengu zenyewe zilikuwa safi.

Halafu kuna viungo. Mvuje wa unga unaouzwa katika vikopo, ambao wapishi wa pwani huutia katika dengu na kunde ili kupunguza gesi, mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano kiwandani ili usishikane. Wengi hawalijui hili, nami naliona kuwa ndilo shimo lililojificha kuliko mengine yote katika jiko letu. Vidonge vya kuunga mchuzi navyo vingine vina ngano, na bizari iliyochanganywa ya kupimiwa dukani haina lebo ya kukusaidia.

Hukumu yangu katika hili imegawanyika. Nyumba inayoweza kulilinda jiko lake, yenye sufuria na mwiko visivyoguswa na unga wa ngano, itapata rojo lililo salama na bora zaidi kutoka kwenye maharage yaliyochambuliwa kuliko kutoka kwenye kopo lolote. Lakini mgonjwa akiwa safarini, au akiwa mgeni katika nyumba ambamo mahamri hukandwa kila alfajiri, kopo lenye tamko la kutokuwa na gluteni ni salama kuliko mbaazi za jirani, hata jirani huyo awe na moyo mwema kiasi gani. Kuhusu mbaazi za kununua barabarani asubuhi, zinazopakuliwa kwa mkono ule ule unaogawa maandazi, nashauri mwenye siliaki azipite.

Neno moja kwa wanaojishuku. Kipimo cha damu cha siliaki hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitoa wakati gluteni ingali inaliwa. Anayeacha ngano kabla ya kupimwa anaweza kupata jibu la kwamba hana ugonjwa wakati anao. Aanze kwa daktari, halafu ndipo abadilishe chakula.

Kinachochovywa

Rojo haliliwi peke yake, na nyumba nyingi huanguka hapa baada ya kuchagua kopo kwa uangalifu mkubwa. Chapati, mahamri, mkate wa ajemi na mkate wa boflo vyote ni ngano. Kipande kimoja cha chapati kikiingia katika bakuli la pamoja, makombo yake hubaki humo, na kutoka hapo bakuli hilo halimfai mgonjwa tena. Apakuliwe lake mapema, katika chombo chake, kabla ya wengine kuanza.

Bahati njema ni kwamba Tanga ina vitu vingi vya kuchovya visivyo na ngano. Muhogo wa kuchemsha hushikana vizuri na rojo zito, na bada la muhogo, ambalo watu wa hapa huliheshimu kwa pweza na samaki, linakwenda na maharage yaliyopondwa bila aibu yoyote. Mkate wa kumimina uliotengenezwa kwa mchele, nazi, hamira na sukari hauna gluteni maadamu mpishi hakuuongezea unga wa ngano, na ni vyema kumwuliza. Vitumbua navyo viulizwe hivyo hivyo. Chipsi za muhogo na za viazi kwa asili yake ni safi, isipokuwa mafuta yaliyokaanga sambusa na maandazi ndiyo yaliyozikaanga, na kwa muuzaji mwenye karai moja jibu la swali hilo linajulikana. Chipsi za mahindi zinazouzwa katika pakiti zisomwe lebo kama kopo lenyewe.

Presha, kisukari na figo

Kwa mwenye presha kitu cha kutazama ni sodiamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, ambazo ni sawa na gramu 5 za chumvi. Katika rojo la maharage la kiwandani au humusi si ajabu kukuta miligramu 400 za sodiamu katika gramu 100, na hiyo ni sawa na gramu moja ya chumvi. Lebo huonyesha kiasi cha mlo mmoja, ambao kwa rojo la kuchovya huhesabiwa kuwa vijiko viwili tu, na hakuna mtu ninayemjua anayeishia vijiko viwili. Anayemaliza gramu 200 mbele ya sahani ya muhogo amekwisha kula sehemu mbili kati ya tano za chumvi ya siku nzima, kabla ya kugusa mchuzi wa chakula cha mchana. Ful ya kopo ina nafuu kidogo kwa sababu, ikiwa mazima, inaweza kumwagwa maji yake na kusuuzwa, na chumvi kiasi ikaondoka nayo. Rojo lililokwisha kusagwa haliwezi kusuuzwa.

Sufuria ya nyumbani hapa inashinda wazi, kwa kuwa mpishi ndiye anayeshika chumvi, ila kwa sharti moja. Magadi ambayo wapishi wengi huyatia ili maharage yaive haraka yana sodiamu nyingi. Mtu anaweza kumpikia mzazi wake maharage bila chembe ya chumvi, akaridhika kwamba amefuata ushauri wa daktari, na kumbe magadi yameirudisha sodiamu kwa mlango wa nyuma, huku yakiharibu pia vitamini B1. Kuloweka maharage usiku kucha kunaokoa mkaa vile vile, na hakumdhuru mtu.

Suala la nazi linahitaji ukweli hata kama halitupendezi sisi watu wa pwani. Karibu sehemu tisa za kumi za mafuta ya nazi ni ya aina inayopandisha lehemu mbaya katika damu. Mbaazi za tui zito ni chakula kitamu kuliko vyote nilivyovitaja humu, lakini kwa mwenye ugonjwa wa moyo au lehemu iliyopanda, rojo la kopo lililotiwa mafuta kidogo ya alizeti, au humusi yenye tahini na mafuta ya zeituni, lina mafuta yanayomfaa zaidi. Anayetaka kubaki na mbaazi zake atumie tui jepesi na kidogo, au aziunge kwa kitunguu, nyanya na mafuta kidogo, na nazi aiweke kwa siku za sikukuu.

Mwenye kisukari anaweza kuchagua chochote kati ya vinne hivi akiwa na moyo mkunjufu. Jamii ya kunde ina nyuzinyuzi nyingi na wanga unaomeng'enywa polepole, na maharage kwa kawaida hukaa chini ya 55 katika kipimo cha kasi ya kupandisha sukari, ambacho ndicho kiwango kinachohesabiwa kuwa cha chini. Aangalie tu sukari iliyoongezwa, ambayo hupatikana zaidi katika maharage ya nyanya ya kopo kuliko katika rojo la kuchovya, na akumbuke kwamba kitakachompandishia sukari ni rundo la muhogo au chapati lililo pembeni. Kijiko cha rojo kiwe kingi, kitu cha kuchovya kiwe kidogo.

Mwenye figo zilizodhoofika ni miongoni mwa wachache ambao maharage yenyewe yanaweza kuwaletea shida. Gramu 100 za maharage yaliyochemshwa zina takriban miligramu 400 za potasiamu, na figo zinazoshindwa kuitoa huiacha ikusanyike katika damu mpaka ikauathiri moyo. Nyumbani unaweza kuyaloweka, kumwaga maji, kuyachemsha kwa maji mengi na kumwaga tena, na potasiamu kiasi huondoka. Rojo la kopo halikupi nafasi hiyo. Lipo pia jambo ambalo wauguzaji wengi hawaonywi mapema: bidhaa zinazotangazwa kuwa na sodiamu kidogo wakati mwingine hutiwa kloridi ya potasiamu badala ya chumvi. Kopo ambalo mwenye presha angelifurahia linaweza kuwa la hatari kwa mwenye figo, na pia kwa anayetumia baadhi ya dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini. Viambato vyenye neno fosfati navyo aviepuke, kwa sababu fosforasi ya kuongezwa kiwandani hufyonzwa kwa urahisi kuliko ile ya asili iliyo ndani ya maharage. Kiasi chake aulize kwa mtaalamu wa lishe, hospitali ya Bombo au popote anapotibiwa, kwa maana figo za watu wawili hazifanani.

Halali, maziwa na wasiokula nyama

Rojo la maharage la mtindo wa Meksiko lina asili ya kupikwa kwa mafuta ya nguruwe, na baadhi ya makopo bado yanayatumia mpaka leo. Kwa mji kama Tanga hili ndilo la kwanza kutazamwa kabla ya gluteni na kabla ya chumvi, kwa Waislamu na kwa Wasabato pia. Katika lebo ya Kiingereza huandikwa lard, na katika ya Kihispania manteca. Makopo yanayosema yanafaa kwa wasiokula nyama hayana mafuta hayo, lakini yanaweza kuwa na jibini au unga wa maziwa, hivyo asiyetumia chochote cha mnyama na yule ambaye maziwa humvuruga tumbo wasiishie kwenye tamko hilo. Supu ya kuku nayo huingizwa kama kiungo cha ladha, na hapo halali ya kuchinjwa kwake haijulikani mpaka pawe na alama inayoaminika.

Humusi na ful, zikiwa za kawaida, hazina shida yoyote upande huu. Sufuria ya nyumbani ndiyo yenye uhuru mkubwa kuliko zote, kwa sababu hata Mjaini, yaani mfuasi wa dini ya Kihindi ya Ujaini, asiyekula kitunguu wala kitunguu saumu anaweza kupikiwa mbaazi za ndimu, nazi na pilipili na akashiba, jambo ambalo kopo karibu haliwezi kumpa.

Mzio, na tahadhari ya ful

Mwenye mzio wa ufuta hawezi kula humusi, na hapa hakuna mjadala wa kiasi. Ufuta unaweza kuziba njia ya hewa kama karanga zinavyofanya. Marekani iliuongeza katika orodha ya vyakula tisa vya mzio ambavyo lazima vitajwe kwenye lebo, kuanzia Januari 2023, na Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuutaja kabla ya hapo. Kwa hiyo kopo la zamani la Marekani lisilotaja ufuta halithibitishi kwamba haumo. Mwenye mzio wa karanga kwa kawaida anaweza kula maharage, ingawa karanga ni jamii ya kunde, lakini wachache hupata shida na mbaazi au dengu, na dalili ya kwanza ya kuwasha midomo isipuuzwe.

Ful inahitaji aya yake, kwa sababu hatari yake inahusu pwani yetu hasa. Maharage mapana yana kemikali ambazo, kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, huvunja chembe nyekundu za damu. Mkojo hugeuka rangi kuwa kama chai nzito, macho huwa ya njano, na mtoto anaweza kuishiwa damu kwa siku chache. Upungufu huu hurithiwa, huwapata zaidi wanaume, na unapatikana sana katika jamii zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, kwa kuwa humpa mwenye nao kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Wengi wanao bila kujua. Aliyewahi kuambiwa hospitalini asipewe dawa ya malaria iitwayo primakwini, au aliyewahi kupata mkojo mweusi baada ya dawa fulani, asile ful hata kidogo, na mtoto wa familia yenye historia hiyo aanzishwe mbaazi au kunde badala yake. Maharage ya kawaida, mbaazi, dengu na choroko hazina hatari hii. Huu ndio mwiko mmoja ambao jamii moja ya kunde hutofautiana kabisa na nyingine.

Tumbo linalojaa gesi

Wenye utumbo mwepesi kusumbuka hukumbana na sukari fulani za maharage ambazo utumbo mdogo hauzimeng'enyi, zikafika kwa bakteria wa utumbo mpana na kugeuka gesi. Kitunguu na kitunguu saumu huzidisha, na humusi pamoja na rojo la kiwandani mara nyingi huwa na kimoja au vyote viwili. Kwao maharage mazima ya kopo yaliyomwagwa maji na kusuuzwa ni bora kuliko rojo, kwa sababu sukari hizo huvujia katika maji ya kopo. Nyumbani maji ya kuloweka yamwagwe kwa sababu hiyo hiyo.

Katika kununua na kutunza

Alama ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula nchini, itafutwe katika bidhaa za kusindikwa hapa nchini, ila ifahamike kwamba alama hiyo haimaanishi kukosekana kwa gluteni mpaka lebo yenyewe iseme. Kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye mshono lisinunuliwe hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu sumu ya botulizimu haina harufu wala ladha ya kukuonya.

Rojo likishafunguliwa lihamishiwe katika chombo chenye mfuniko, likae kwenye friji, na liliwe ndani ya siku tatu au nne. Umeme ukikatika kwa zaidi ya saa nne na friji ikapoteza ubaridi wake, limwagwe. Mbaazi za nazi zina muda mfupi zaidi, na katika joto la Tanga, linalopita nyuzi 32 mchana wa kaskazi, zisiachwe mezani zaidi ya saa moja. Anayepika maharage mekundu nyumbani ayaloweke angalau saa tano, amwage maji, kisha ayachemshe kwa moto mkali kwa dakika 30 kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yana sumu ya asili inayotapisha, na moto mdogo peke yake hauiondoi.

Kwa nyumba yenye mtu mmoja wa siliaki na mzazi mwenye presha, ambayo ndiyo nyumba ninayoiona mara kwa mara, ningeweka akiba ya kopo moja au mawili ya humusi yenye tamko la kutokuwa na gluteni kwa ajili ya siku za safari na za kukatika gesi, na siku nyingine zote ningepika mbaazi au maharage ya Lushoto yaliyochambuliwa na kulowekwa, bila magadi, bila mvuje wa kikopo, kwa tui jepesi. Nyumba yenye mgonjwa wa figo ningeishauri iliache rojo la kopo dukani na ipike maharage kwa kumwaga maji mara mbili, kwa kiasi alichokubali daktari. Na ful ningeinunua baada tu ya kuwauliza wote watakaoila.